Bibi wa mke wangu alikuwa Mwingereza: nitaujuaje ukoo aliozaliwa?

SWALI: Mke wangu ni Mwingereza. Bibi yake mzaa mama alizaliwa karibu na Norwich yapata 1908, akafanya kazi za ndani, akafariki 1972. Tunalijua jina la mumewe tu. Wazazi wake tutawapataje?

JIBU: Ndugu yangu, muache bibi kwanza, anza na mama mkwe wako. Faharasa ya waliosajiliwa kuzaliwa Uingereza na Wales, tangu robo ya tatu ya 1911, huweka jina la ukoo la mama kabla hajaolewa pembeni ya jina la mtoto. Mtafute mama mkwe kwenye tovuti ya FreeBMD, haina malipo, na jina la bibi utaliona hapo. Vilevile agiza cheti cha kifo cha bibi. Tangu Aprili 1969 vyeti hivyo hutaja tarehe na mahali alipozaliwa marehemu, na jina la awali la mwanamke aliyeolewa. Tarehe hiyo ihakikishe, maana aliyeitaja ni mfiwa. Rejista ya Septemba 1939, yaani orodha ya serikali ya wakazi, nayo ina tarehe za kuzaliwa.

Cheti cha ndoa ya bibi kitakupa jina na kazi ya baba yake. Mama hayumo, vyeti vya ndoa huko vimeanza kuwataja akina mama Mei 2021, jambo linaloniuma kila nikishika cheti cha zamani. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha bibi hakikwepeki.

Ukishampata mama yake bibi, nenda kwenye sensa ya 1911, ninayoipenda kuliko zote. Fomu ilijazwa nyumbani na mkuu wa kaya, kwa hiyo huenda ukauona mwandiko wa babu mzaa bibi. Mke aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamefariki. Ukikuta saba, watano, wawili, ujue kuna watoto wawili ambao pengine hakuna aliyewahi kuwataja kwenye familia. Watafute nao. Fomu inataja pia mahali alipozaliwa kila mmoja, na hapo ndipo utakapojua parokia ya kufuata.

Sensa zenye majina ya watu wote zinarudi hadi 1841, usajili wa serikali hadi Julai 1837. Kabla ya hapo ni madaftari ya kanisa. Ya eneo hilo yako Norfolk Record Office, Norwich. Sensa ya 1931 usiihangaikie, iliteketea kwa moto 1942.

Miti ya ukoo ya watu mtandaoni ichukue kama fununu tu. Majina ya kawaida yanafanana mno: usimkubali mtu mpaka jina la baba, kazi yake na parokia vilingane.