Plastiki ya rangi ya strungi: kwenye mota sawa, kwenye kostiki ya moto hapana

Swali: Nasuka mota hapa Changamwe. Juzi nilifungua mota ya feni ya tanuri, nikakuta karatasi nyembamba ya rangi ya strungi ndani ya mifereji ya stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka. Vanishi ilishaungua ikawa mkaa, lakini karatasi ile nzima. Nikaishika kwa koleo nikaiwashia kibiriti, haikuyeyuka. Ni kitu gani? Pili, kuna kiwanda cha sabuni kinataka bushi (pete ndefu ya kushikilia shafti) ya pampu inayosukuma kostiki, yaani magadi makali ya kutengenezea sabuni, ya moto, kama digrii 90. Muuzaji amenionyesha kipande cha plastiki ya aina hiyohiyo, asema yahimili digrii 300. Nikikereze?

Jibu: Hiyo ni poliimidi, fundi, plastiki ya kuhimili joto kali. Jaribio lako la kibiriti lilikuwa zuri: ingekuwa ile poliesta angavu tunayoijua kwa jina la Mylar, ingejikunja na kudondosha matone, maana huyeyuka ikifika kama digrii 255. Poliimidi hii haina kiwango cha kuyeyuka. Moto ukizidi sana hugeuka mkaa moja kwa moja. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliitoa filamu hii miaka ya 1960 kwa jina la Kapton, na ndiyo iliyofunikia chombo kilichotua mwezini mwaka 1969. Darubini ya James Webb nayo ina kivuli cha tabaka tano za Kapton kuikinga na joto la jua.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike upesi. Tafadhali usikikereze.

Niruhusu nianzie inavyotengenezwa, kwa sababu jibu limo humo. Filamu huanza kama uji mzito unaotandazwa mwembamba. Uji ule hupashwa moto kwa hatua hadi kupita digrii 300, na kila hatua molekuli zake hujifunga kuwa pete, na kila pete inayofunga hutoa maji. Minyororo yenye pete hizo ni migumu na bapa, hushikamana kama mikeka iliyopangwa, ndiyo maana joto haliilegezi kirahisi. Lakini pete iliyofunga kwa kutoa maji, maji yaweza kuifungua tena. Mvuke na maji ya moto huifanya kazi hiyo polepole. Kostiki huifanya haraka.

Niliwahi kutumbukiza ukanda wa filamu hii kwenye kostiki kali ya moto, nimevaa glavu na miwani, nione kwa macho yangu. Kwanza uso ulipoteza mng'ao. Halafu ukawa na utelezi kama mlenda. Nilipouinua kwa kibano ulikatika kwa uzito wake wenyewe. Joto la sufuria ile halikufika hata 100.

Kwa hiyo muuzaji hakukudanganya kuhusu digrii 300, ila hiyo ni namba ya joto kavu. Kipande kile hutengenezwa kwa kushindilia unga na kuuoka, na bei yake ni kali mno. Mahali pake ni penye msuguano wa joto pasipofika grisi: bushi na washa (pete bapa) za injini za ndege, kwa mfano, mara nyingi zikichanganywa na grafaiti asilimia 15 ili ziteleze zenyewe. Pampu yako ina digrii 90 tu. Shida yake ni kostiki, joto ni dogo. Mwambie mteja anunue PEEK, plastiki nyingine ngumu, iliyochanganywa na kaboni: huvumilia kostiki na mvuke vizuri, na hukerezeka. Na akikuletea kipande cha shaba ya njano, kataa pia, kwani kostiki huila zinki iliyomo.

Turudi kwenye stata. Hapo poliimidi ni mahali pake hasa. Mota ya tanuri mara nyingi huwa ya daraja H, yaani kinga yake ya umeme huhimili digrii 180, na filamu ya unene wa mikroni 25 tu, ikiwa mpya na kavu, huzuia volti zaidi ya 7,000 maabara. Rudisha filamu ya aina ileile, usiweke Mylar kwa kubana bei. Daraja la mota litashuka na mteja hatajua hadi iungue. Utepe wake wenye gundi ni jambo jingine: gundi ya silikoni hukoma karibu digrii 260, hata kama filamu yenyewe ingeendelea.

Angalia mambo mawili ya hapa kwetu. Filamu hii hunyonya unyevu, hadi karibu asilimia 3 ya uzito wake hewa ikilowa kabisa, na Mombasa wakati wa masika wajua ilivyo. Kausha stata kwenye oveni kabla ya vanishi. La pili ni chumvi: filamu iliyochanika juu ya waya, ikiwa na unyevu wa chumvi, cheche ikipita hugeuza ufa kuwa njia ya mkaa, na mkaa hupitisha umeme. Kwenye waya za ndege tatizo hilo lilileta hofu kubwa miaka ya 1980. Basi usiikwaruze kwa bisibisi unapoisukuma mferejini, na kingo zake zizidi mdomo wa mfereji kidogo. Ukishavanishi na kuoka, iache ipoe, kisha pima kwa mega (kipimo cha kinga ya umeme) ya volti 500.