Maswali ya bethdei: gundi, shanga na byayi

Simu imejaa wiki hii, nimeokota machache. Na nyie mnaotuma bila kusema watoto wangapi wala wana miaka mingapi, nimeshaongea mpaka mate yamekauka.

Anti, nipe kitu rahisi cha watoto kutengeneza kwenye bethdei. (Ntinda)

Si ndo hao nilikuwa nawasema! Haya, mataji ya karatasi ya manila. Wakiwa wa mwaka mmoja watayala, wakiwa wa kumi na tatu watakucheka, umejitakia.

Nina watoto 12 wa miaka minane. Mwaka jana tulifanya shanga za karatasi zikafumuka zote kabla keki haijakatwa. Tulikosea wapi? (Jinja)

Umeuliza kama mtu, asante. Zilifumuka kwa sababu mliviringisha kwa ulegevu halafu mkaweka tone la gundi pale nchani tu, bila shaka. Chukua kalenda ya zamani, zile za karatasi inayong'aa, ukate pembetatu ndefu nyembamba, kitako sentimita 2, urefu 30 hivi. Unaanza na kile kitako juu ya kijiti cha meno, rangi iangalie nje, unakaza mzunguko wa kwanza na wa pili maana hiyo ndo inashika zingine zote, ukifika nusu unapaka gundi nyeupe kiduchu mpaka nchani, unabana na vidole ukihesabu mpaka kumi, unachomoa kijiti. Ikienda upande ina maana hukufuata katikati, na wala haidhuru.

Kukata fanya wewe usiku wa kuamkia, ukiwaachia wao mikasi saa nzima itaishia kwenye ugomvi. Shanga nane kila mtoto kwenye uzi wa mpira, bangili imepatikana. Vanishi achana nayo, najua wale akina mama wanaotengeneza shanga za karatasi Acholi Quarter, mtaa wa pale Banda, Kampala, wanapaka na zinang'aa vizuri sana, lakini wao ni kazi yao, wanazianika zikauke taratibu, wewe una mishumaa mezani na vanishi inashika moto.

Naweza kutumia supaglu ili zikauke haraka? (Jinja pia)

Hapana. Na bunduki ya gundi ya moto pia hapana, kabla hujauliza.

Mimi ni mwalimu, nataka watoto watengeneze doli za byayi, yale maganda makavu ya mgomba, lakini yanakatikakatika mkononi. (Bombo)

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Watu wanapanda taksi mpaka madukani Kikuubo, Kampala, kubeba makatoni ya doli za plastiki ambazo shingo inatoka siku hiyohiyo, na migomba imejaa nyuma ya jiko! Bibi zetu walifunga mipira na doli kwa byayi, hakuna aliyeomba risiti.

Yanakatika kwa sababu ni makavu mno. Yafute na kitambaa kibichi, uyafunge ndani ya taulo nusu saa, yatalainika kama ngozi. Usiloweke. Mimi niliwahi kuyaacha kwenye beseni usiku kucha, asubuhi yananuka kama tonto, ile pombe ya ndizi, na yanateleza mkononi, wageni wako getini. Chagua yale mapana yasiyo na madoa, kunja moja katikati, tia kitambaa kidogo pale kwenye mkunjo ndo kichwa, funga shingo na uzi wa byayi hayohayo, ingine ipite kati iwe mikono. Sketi muachie mtoto. Na mwalimu, tafadhali, usipite nyuma yao kunyoosha, wazazi wanataka picha nzuri ya simu na nyie mnawafuata, mwishoni doli ni la mwalimu na mtoto kashika tu.

Nimepata lubugo, kitambaa cha gome la mti, nataka kumkatia mtoto joho la mfalme. (Masaka)

Mabaki madogo ya ukingoni sawa, unaweza kubandika hata kwenye kadi, yanashika gundi vizuri. Lakini shuka zima? Huo ni mti wa mutuba, mtu kaubandua gome na kulitwanga kwa nyundo za mbao mpaka likatanuka, na UNESCO waliutambua ufundi huo tangu 2005, we unalipeleka kwenye soda na aiskrimu. Halafu hilohilo ndo tunazikia. Jjajja, yaani bibi au babu, akiingia akaliona sebuleni atauliza nani kafa.

Wa kwangu ana miaka miwili, kaka zake wanafanya shanga, na yeye nimpe? (Arua)

Usimpe, baba. Shanga, vizibo vya soda, mbegu, vyote vinaenda mdomoni. Na puto likipasuka okota vipande hapohapo, kikiingia kooni kinaganda na kuziba hewa. Mpe chupa ya maji ya nusu lita, tia mahindi konzi moja, kaza kifuniko ukizungushie selotepu mara nyingi, apige kelele zake. Nyie ndo mtachoka.

Unga wa kuchezea unatengenezwaje? (wengi, wengi mno)

Ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja ukitia polepole. Niliandika, nikaandika tena. Usiwaache waule, chumvi hiyo ni nyingi.

Anti, glita imemwagika kwenye kochi, naitoaje?

Haitoki. Tandika kitambaa.