Merhaba si marahaba: kwa mnaokwenda kusoma Uturuki

Siku yangu ya pili bwenini katika mji wa Kayseri, mzee wa mapokezi aliinua mkono akaniambia, "Merhaba." Mimi mtoto wa Tanga, niliyefundwa kwamba marahaba ni jibu la mkubwa aliyekwisha kuamkiwa, nikaona haya. Mzee amelazimika kujiitikia mwenyewe kwa kuwa nimempita kimya! Nikarudi hatua mbili, nikainamisha kichwa: "Shikamoo." Akanikodolea macho. "Efendim?" Yaani, unasemaje?

Neno ni lilelile, wao na sisi tumelichukua kwa Waarabu. Ila kwao ni salamu tu, ya yeyote kwa yeyote.

Wengi watawatisha kwa baridi na lugha. Mimi natahadharisha jambo jingine: vile mtakavyoviona vimefanana na vya nyumbani. Kitu kigeni mtu hukiendea kwa hadhari. Kilichofanana na chako unakiendea umejiachia, na ndicho kinachokuumbua. Wiki ya kwanza utasikia kitap, kalem, sabun, haber, hesap, dünya, dakika, çay, na utajiona umefika kwa wajomba. Subiri. Misafir, kwa mfano, si msafiri, ni mgeni. Ukikaribishwa nyumbani kwa mtu ukaitwa misafir, usianze kueleza kwamba hutaondoka mpaka Juni.

Saa nazo ziangalieni. Saa ya Uturuki na ya Dar es Salaam au Nairobi ni moja, hakuna cha kurudisha mshale. Lakini wao huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mwenzangu mmoja aliambiwa akaonane na mwalimu "saat üçte". Üç ni tatu, saat ni saa, akaamka mapema akafika saa tatu asubuhi, akakaa kwenye korido mpaka saa tisa alasiri.

Mwaka wa kwanza kwa wengi ni wa lugha, kwenye TÖMER, kituo cha kufundishia Kituruki, na wenye Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, huhitaji kufika C1, ngazi ya juu ya kuijua lugha. Hapo Mswahili ana bahati ambayo haambiwi na mtu. Chukua "sitakuja". Neno moja, na ndani yake mna mimi, mna kukana, mna wakati ujao, mna kitendo. Mturuki husema gelmeyeceğim: gel ni kuja, me ni kukana, yeceğ ni wakati ujao, im ni mimi. Sisi mizigo tunaipakia mbele, wao wanaipakia nyuma. Na yeye kwao ni "o" tu, awe mume au mke. Wenzetu wengine darasani walitaabika na hayo miezi. Sisi tulichohitaji ni kuzoea kulisoma neno kuanzia mkiani. Jambo moja tu: mkiwa kwenye basi mkapiga soga, shusheni sauti mnapofika kwenye "sikia" na "sikiliza". Mwanzo wa maneno hayo kwa Kituruki ni tusi zito, na bibi aliyekaa mbele yenu hajui kwamba mnaambiana mtege masikio.

Sasa kisa cha dukani. Nilimuuliza mwenye duka la mtaani kama ana tui la kopo. Akainua nyusi, akarudisha kichwa nyuma kidogo, akatoa mlio kwa ulimi: "cık". Jamani! Kwetu nyusi zikiinuka ni ndiyo, na mlio ule ni msonyo. Kwa hiyo nilichoelewa mimi ni kwamba tui analo, kuniuzia hataki, na juu ya hayo ananisonya. Nilimsusia wiki mbili, nikawa natembea kwenye upepo wa mlima Erciyes kufuata mkate duka la mbali. Mpaka mwanafunzi kipenzi cha mwalimu wetu alipouliza kama kesho kuna mtihani, na mwalimu, huku anatabasamu, akainua nyusi: "cık". Maana yake ni hapana. Basi. Nilirudi kwa yule muuza duka nikanunua hata nisivyovihitaji.

Waislamu wenzangu, msikitini msiingie na uhakika wote. Wengi wetu wa Pwani ni Shafii, Waturuki wengi ni Hanafi. Sala ya Isha ya kwanza, imamu alipomaliza Alhamdu, nilivuta pumzi nikasema "Aaamiin" kama ninavyosema nyumbani. Msikiti mzima ulikuwa kimya, wao huisema moyoni. Sauti yangu ikapanda kwenye kuba ikarudi. Hakuna aliyenigombeza; mzee wa pembeni alinishika bega baada ya sala akaniuliza natoka wapi. Hilo swali, "Nerelisin?", mtaulizwa kila mahali, na si la kubagua. Wao kwa wao huulizana vivyo hivyo, mji kwa mji.

Si kila kinachofanana ni mtego, lakini. "Pole na kazi", ambayo Mzungu hana namna ya kuitafsiri, Mturuki anayo: kolay gelsin. Ukimpita anayefagia, anayebeba mizigo, hata karani aliyekuweka foleni saa nzima, mwambie, uone uso unavyobadilika. Mgonjwa huambiwa geçmiş olsun, mpishi eline sağlık, mfiwa başınız sağ olsun. Mimi nayaweka hayo manne mbele ya sura zote za kitabu cha sarufi.

Ukialikwa, viatu mlangoni, na utapewa ndara. Zivae, maana ukikanyaga sakafu kwa miguu mitupu mama mwenye nyumba hatatulia kwa kuhofia utaugua. Chai ni ya rangi, kwenye bilauri ndogo yenye kiuno, na ikiisha inajazwa. Mimi nilifundwa mgeni hakatai, nikanywa bilauri tisa. Mtoto wa nyumba ndiye aliyenionea huruma akanionyesha: laza kijiko juu ya mdomo wa bilauri, wataelewa umetosheka.

La mwisho katika hayo si la kufanana hata kidogo, na ni zito. Tarehe 10 Novemba, saa tatu na dakika tano asubuhi, ving'ora vitalia. Ni saa aliyofariki Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, mwaka 1938. Magari husimama barabarani, madereva hushuka, watu husimama wima kama mlingoti. Mimi nilidhani ni moto, nikaharakisha, nikajikuta ni mimi peke yangu ninayetembea mtaa mzima. Simama. Na mizaha juu ya mtu huyo iacheni kabisa. Kuna sheria ya kulinda kumbukumbu yake tangu 1951.

Baridi: nunueni koti na viatu hukohuko, la mtumba mlilobeba halitafua dafu.

Karatasi ndizo zisizosamehe. Ombeni ikamet, kibali cha kuishi, kabla viza haijaisha. Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, ulizeni kama mtaa huo umefunguliwa kwa wageni kujiandikisha, kwani tangu 2022 mingi imefungwa. Mimi nilipoteza amana kwa mwenye nyumba aliyelijua hilo akanyamaza. Na bima ya afya ya serikali, SGK, mwanafunzi ana miezi mitatu tu ya kuikata tangu aandikishwe chuoni. Mimi wiki ya kumi na moja ilinikuta nimelala usingizi. Yule mzee wa mapokezi aliniita, "Sigorta?" Bima umekata?

Nikainua nyusi. "Cık."

Akachukua koti lake, akafunga mapokezi, akanitangulia kituo cha tramu.