Daftari la nyumba lina jina la nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni sheria gani ndogo ya ugenini iliyokusumbua kuliko zile kubwa, na mtu anayekuja nyuma yako ungemwambia nini?

Mimi ni mzaliwa wa Arusha, na huu ni mwaka wa nne naishi Chanthaburi, mji wa mashariki mwa Thailand. Mume wangu ni mtu wa mawe ya vito. Waliokulia Arusha hawahitaji kuelezwa zaidi, ila kwa wengine niseme kwamba spineli ya Mahenge na yakuti za Tunduru nyingi hupita mikono ya Wathai kabla ya kufika kwenye pete ya mtu. Hapa Chanthaburi ndipo mawe yanapochomwa ili rangi ipendeze, yanapokatwa na kuuzwa. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili mtaa mzima unageuka kijiwe. Tofauti na kwetu ni kwamba hapa mnunuzi ndiye anayekodi meza na kukaa, madalali wanamfuata na vipakiti vyao. Mume wangu ameajiriwa kupanga mawe kwa rangi na daraja. Mimi nimo kwenye viza ya mke wa mfanyakazi.

Sheria kubwa kila mtu anazijua kabla hajapanda ndege. Dawa za kulevya, usiguse. Mfalme, usimseme vibaya: kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai kinatoa miaka 3 hadi 15 jela kwa kosa moja, wala hakuna anayekuuliza kama ulikuwa unatania. Hata noti ikikuponyoka na upepo ukaikokota, usiikanyage kuizuia, maana ina picha ya mfalme. Hayo nilishayasikia nikiwa Arusha, na hayajanisumbua hata siku moja.

Iliyonisumbua ni fomu inayoitwa TM.30.

Sheria ya Uhamiaji ya Thailand ni ya mwaka 1979. Kifungu cha 37 kinamtaka mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 aripoti anwani yake uhamiaji kila siku 90. Hicho cha mgeni. Kifungu cha 38 ni cha mwenye nyumba: mgeni akilala kwake, aitaarifu serikali ndani ya saa 24. TM.30 ndiyo taarifa yenyewe. Hoteli wanaituma bila wewe kujua, ndiyo maana watalii hawajawahi kuisikia. Kwa lugha ya kwetu, ni kama mjumbe wa nyumba kumi, isipokuwa mjumbe huyo ni mwenye nyumba wako mwenyewe, na asipokuandikisha, wewe ndiye unayehangaika.

Sisi tulipanga chumba nyuma ya soko, kwa mama mmoja wa rika la mama yangu. Nilimwita Paa, yaani shangazi mkubwa, naye aliniita nong, mdogo wangu. Hilo la kuitana kindugu lilinifariji sana siku za mwanzo, maana hata kama sijui jina la mtu nilijua nimweke wapi, sawasawa na nyumbani. Tulilipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya miezi miwili, tukapewa ufunguo na kopo la maembe ya kukausha. Mkataba ulikuwa wa Kithai mtupu. Tulitia saini.

Siku 90 za kwanza zilipokaribia, tukaenda uhamiaji. Nilikuwa nimejiandaa: gauni lenye mikono, viatu vilivyofungwa, nakala ya kila ukurasa wa pasipoti uliogongwa muhuri, na kila nakala nimeisaini kwa wino wa bluu. (Huo ni ugonjwa wa nchi nzima. Nakala isiyo na saini yako ni karatasi ya kufungia vitumbua.) Afisa, dada mpole, akapekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akarudia mara ya pili, halafu akaniuliza iko wapi risiti ya TM.30. Nikamwonyesha mkataba. Akatabasamu. Nikamwonyesha risiti ya kodi. Akatabasamu tena, akaandika "TM.30" kwenye kikaratasi cha njano na kunisogezea. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba tabasamu la hapa lina kazi nyingi, na mojawapo ni kukwambia hapana.

Nikarudi kwa Paa. "Mai pen rai," akasema, haina neno. Kesho yake haina neno. Wiki ikaisha haina neno. Mume wangu akasema huyu anaogopa kodi ya mapato, kwamba akituandikisha serikali itajua anapangisha. Wageni wengi wanasema hivyo, na wengine ni kweli. Mimi damu ikaanza kuchemka, nikapanga nimpandie kwa sauti kama ninavyompandia konda wa daladala.

Aliyeniokoa ni mwenzake mume wangu kazini, Mthai, ambaye nilimwomba aje anisaidie kutafsiri ugomvi. Alikataa ugomvi. Alinunua doriani, tunda la hapa lenye harufu kali, wakakaa na Paa barazani wakaila, na kwa karibu nusu saa sikusikia hata neno moja linalofanana na TM. Wakaongea mvua, bei ya mangostini, goti la Paa. Mimi nimekaa pembeni harufu ya doriani inanipanda kichwani. Halafu yule kijana akasema kitu kifupi, kwa sauti ya chini, na Paa akaangalia sakafu.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake anayeishi mkoa mwingine. Hapa kila nyumba ina daftari lake, tabien baan, lenye orodha ya wanaoishi humo na cheo cha kila mmoja, kama ni mkuu wa nyumba au mkazi tu, na jina la Paa halikuwa na cheo kilichotakiwa. Hakuwa anaogopa kodi wala hakuwa mkorofi. Alikuwa anaona aibu. Ningempandia kwa sauti siku ile mbele ya majirani, hata leo tusingekuwa na karatasi.

Kaka mtu akatuma kwa posta nakala ya kitambulisho chake na ya daftari, zote amesaini. Fomu ikapokelewa. Faini ya kuchelewa, ambayo kwa nyumba ya mtu binafsi haizidi baht 2,000 (baht ndiyo fedha ya hapa), kisheria ni ya mwenye nyumba. Nani aliilipa? Sisi, na tukasema asante. Kuna haki ambayo mpangaji mwenye akili haidai.

Baada ya hapo lile la siku 90 likawa jepesi. Unaweza kwenda ofisini kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baada yake; ukipitiliza, ukajipeleka mwenyewe, ni baht 2,000. Ukishaenda mara ya kwanza, zinazofuata unaweza kuzifanya kwa intaneti siku ambazo mtandao wao uko tayari. Unapewa kijikaratasi chenye tarehe ya kurudi, nacho kinabanwa kwa stepla kwenye pasipoti. Angalizo: ukitoka nje ya nchi na kurudi, hesabu inaanza upya siku ya kuingia. Na usishtuke ukikuta karatasi nyingine zimeandikwa mwaka 2568. Wanahesabu kwa kalenda ya Kibudha, toa 543 upate mwaka wako. Mtu wetu mmoja aliona mkataba wake unaisha 2567 akadhani mhuni kachapa tarakimu ovyo.

Sasa niseme la ruhusa ya kurudi, maana hili lingeniumiza kuliko TM.30. Viza ikishaongezwa muda (ada yake baht 1,900), wengi wanadhani wamepata mwaka wa kutoka na kuingia. La. Ukitoka bila ruhusa ya kurudi, muda wote uliobaki unakufa pale unapogongewa muhuri wa kuondoka. Ruhusa ya safari moja ni baht 1,000, ya safari nyingi ni 3,800. Mama yangu alipofariki nilipata simu saa kumi alfajiri, na saa sita mchana nilikuwa kwenye gari la kwenda Bangkok, sina nilichobeba zaidi ya khanga mbili na pasipoti. Rafiki yangu Mkenya alinipigia kunipa pole. Katikati ya kulia pamoja akanyamaza kidogo, akauliza, "Dadangu, muhuri wa kurudi unao?" Sikuwa nao. Kwa bahati Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, kuna dirisha la ruhusa hizo upande wa kuondokea. Nilijaza fomu machozi yakidondokea kwenye mstari wa "sababu ya safari". Tangu hapo ninachukua ya safari nyingi kila mwaka, hata mwaka ambao sina mpango wa kwenda popote. Msiba hauna miadi.

Kuhusu kazi nitakuwa mfupi, ingawa ndilo linalouma vijana wengi. Mimi ni msusi. Nimesuka Arusha tangu niko shule, na hapa kuna dada zetu wa Afrika Magharibi, wake na mabinti wa wafanyabiashara wa mawe, ambao wangenilipa vizuri. Lakini viza ya mke si kibali cha kazi, na hata ningetaka kibali nisingekipata: kutengeneza nywele kumo kwenye orodha ya kazi za Wathai peke yao. Kukata na kusugua vito nako kumo humo. Kwa hiyo mume wangu, ambaye anaweza kukuambia jiwe limetoka shimo gani, haruhusiwi kuligusisha kwenye gurudumu. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali anatozwa baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa kwao, na hawezi kuomba kibali mpaka miaka miwili ipite. Nasuka binti yangu. Anabadilisha mtindo kila Jumamosi, ndiye mtoto aliyesukwa vizuri kuliko wote mkoani.

Anayejiandaa kuja ajue pia kwamba sisi wa Afrika Mashariki tukishuka uwanjani tunapitia kwanza dawati la afya na kadi ya homa ya manjano, ndipo twende kwenye foleni ya pasipoti. Kadi isikae kwenye begi la chini ya ndege. Na tangu Mei 2025 kadi ya kuwasili inajazwa kwa mtandao kabla hujafika; ni bure, kwa hiyo anayekudai pesa kukujazia ni mwizi. Na kama mtu anakuahidi kazi ya kompyuta yenye mshahara mnono, ila kutoka Bangkok gari litakupeleka Mae Sot mpakani na Myanmar, usipande. Kuna Wakenya na wengine wengi walioingia mtego huo na kujikuta wamefungiwa ng'ambo ya mto wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Mengine utayajifunza kwa macho. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa, na soko zima linasimama, muuza samaki kisu kikiwa hewani. Simama nao.

Lakini mlichouliza ni ningemwambia nini anayekuja nyuma yangu. Kabla hajapenda chumba, ampende mwenye nyumba. Aulize nyumba ni ya nani, kama atapewa nakala ya daftari na ya kitambulisho vyote vimesainiwa, na kama TM.30 itatumwa siku ile ile anayohamia. Aulize kabla amana haijatoka mfukoni, na aulize akiwa amebeba matunda.

Juzi kijana wa Mahenge anayekuja kufanya kazi na mume wangu alinitumia picha za chumba alichopata: kitanda kipya, feni mbili, dirisha linaangalia mto. Bei ya kutupa. Nikamuuliza daftari la nyumba lina jina la nani. Akanijibu, "Dada, Wi-Fi ipo na ina kasi."