Hela ya kifaa kimoja tu: kabla ya kununua kadi, pima

Mkuu, umesema una prosesa ya Ryzen 5 2600 kwenye madabodi ya B450, kijiti kimoja cha RAM cha GB 8, kadi ya picha ya GTX 1050 Ti, hadidiski ya kawaida na skrini ya 1080p ya 60 Hz. Gemu zinakwamakwama, hela inatosha kitu kimoja cha maana, na karibu kila aliyekujibu amesema nunua kadi. Hata mimi niliambiwa hivyohivyo. Nikanunua, nikajuta.

Wakati huo nilikuwa na prosesa ya i5-6500 pamoja na hiyohiyo 1050 Ti. Nikajinyima miezi kadhaa nikapata GTX 1660 Super. Usiku wa kwanza nikafungua gemu ya mji mkubwa, ile ya kukimbiza magari katikati ya watu. Nikisimama uchochoroni naangalia ukuta, fremu (yaani picha) 90 na ushee kwa sekunde. Nikiingia barabara kuu na gari likikata kona, picha inaganda, kisha inaruka mbele. Na kadi ni mpya! Nikafuta draiva (programu zinazoendesha kadi) na kuziweka upya mara tatu, nikamlaani aliyeniuzia (kimoyomoyo tu, bahati nzuri, maana hakuwa na kosa). Nilipokuja kuweka programu ya MSI Afterburner inionyeshe namba pembeni ya skrini ndipo nikaelewa: kadi ilikuwa inafanya kazi asilimia 50 hadi 60, na kori zote nne za prosesa (ndivyo vichwa vyake vya kazi) ziko 100.

Yaani nilikuwa nimeajiri fundi mwashi hodari, saidia fundi ni yuleyule mmoja aliyechoka. Fundi anakaa na mwiko mkononi akisubiri zege. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu za magari, watu na migongano, halafu ndipo inaipa kadi kazi ya kuchora. Ikichelewa, kadi haina cha kufanya. Nilichohitaji kilikuwa i7-6700 iliyotumika: tundu lilelile, kori nne vilevile, ila thredi nane, yaani kila kori inashika kazi mbili kwa mpigo. Wastani wa fremu haukupanda sana, lakini kule kuganda kuliisha.

Kwa hiyo fanya hivi leo, kabla hujatoa hata senti. Zima V-Sync (inayofunga fremu zisizidi kasi ya skrini) na kikomo chochote cha fremu, maana ukiviacha namba zote zitaonekana zimepumzika na utajidanganya. Washa Afterburner ionyeshe matumizi ya kadi, ya kila kori, ya RAM na ya memori ya kadi. Halafu cheza dakika kumi mahali pazito kabisa pa hiyo gemu, siyo kwenye menyu. Kadi ikikaa 95 hadi 99 muda wote, hao waliokujibu wana haki. Ikishuka mpaka 60 huku gemu inakwama, tatizo liko kwingine. Usiangalie asilimia ya jumla ya prosesa: 2600 ina thredi 12, jumla inaweza kusoma 35 na bado thredi moja imeelemewa na kuwachelewesha wenzake wote.

Ukibaki na shaka, shusha rezolusheni hadi 1280 kwa 720. Hapo vipikseli vinapungua kutoka milioni 2 na kidogo hadi laki 9 na kitu. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo ilikuwa imebanwa. Zikibaki palepale, hata kadi ya bei mbaya haitakusaidia.

Sasa, nikiisoma mashine yako, kinachonikera ni hicho kijiti kimoja. Kwanza GB 8 kwa gemu za sasa ni kidogo, hasa ukiacha kivinjari wazi nyuma. RAM ikijaa, Windows inahamishia mizigo kwenye diski, na yako ni hadidiski. Huko kuganda kwa sekunde nzima ni kawaida. Pili, kijiti kimoja kinatumia chaneli moja, kwa hiyo prosesa inapata nusu ya kasi ambayo madabodi yako inaweza kutoa, na Ryzen hizi huumia sana zikinyimwa kasi ya memori. Tafuta kijiti cha pili cha GB 8 chenye kasi ileile. Kwenye madabodi yenye matundu manne, chomeka la pili na la nne ukihesabu kutoka kwa prosesa (kitabu chake kitathibitisha). Kisha ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya madabodi) uwashe XMP, inayoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake. Mdogo wangu alikaa karibu mwaka mzima na RAM iliyoandikwa 3200, kumbe inakimbia 2133 kwa sababu hakuna aliyegusa huko. Hiyo ni kasi uliyokwisha kuilipia.

Chenji ikibaki, SSD ya SATA (diski isiyo na sahani zinazozunguka). Haitakuongezea fremu, tusidanganyane, lakini hadidiski yako inasoma pengine MB 100 hadi 150 kwa sekunde ikiwa na siku njema, na SATA inafika kama 550. Ya NVMe (SSD yenye kasi zaidi) usijikamue kwa ajili yake, kwenye gemu nyingi hutaona tofauti kubwa.

Baada ya hapo, nategemea 1050 Ti ndiyo itasoma 99. Sawa, punguza vivuli, anza kuchanga. Ila kwanza fungua kasha uangalie pawasaplai: 1050 Ti nyingi zinakula umeme wa tundu la madabodi peke yake, wati 75, bila waya. Kadi utakayoitamani itataka waya wa pini 6 au 8. Kama pawasaplai yako haina, usiunganishe kwa adapta za kuokoteza; hesabu pawasaplai kama sehemu ya bei ya kadi. Pia kuwa macho na kadi kama RX 6500 XT: inatumia njia nne tu za PCIe (barabara ya data kati ya kadi na madabodi), na B450 ni PCIe 3.0, ya kizazi cha zamani, kwa hiyo GB 4 zake za memori zikijaa utaona fremu zinaporomoka kuliko kwa mwenye madabodi mpya.

Na kumbuka skrini ni ya 60 Hz, picha moja kila milisekunde 16.7. Unatafuta 60 zilizotulia, usilipie 140. Prosesa iache mwisho. Siku ukiwa nazo, B450 ikisasishwa BIOS inapokea Ryzen 5 5600 bila kubadilisha madabodi.

Ukishapima, niwekee hapa namba tatu: matumizi ya kadi, kori iliyo juu kuliko zote, na RAM. Na picha ya lebo ya pawasaplai, hiyo usisahau.