Kabla ya Kujumlisha Alama: Kwa Mwalimu Anayeanza Kazi

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na daftari la alama lililopendeza kulitazama: majina yamepangwa, jumla zimepigwa, na wastani umeandikwa kwa wino mwekundu. Mwalimu mmoja mkongwe alilifungua, akaniuliza ni mada gani ningeirudia wiki ile na kwa wanafunzi gani, nami sikuwa na la kujibu. Wastani wa 52 ulikuwa umeyafunika yote niliyohitaji kuyajua.

Kwa hiyo nakushauri uanze na swali mojamoja, jumla ije baadaye. Chora jedwali ambalo majina yanashuka upande wa kushoto na namba za maswali zinapita juu, na penye kosa uandike jibu lenyewe alilotoa mwanafunzi. Chukua 62 kutoa 38. Wanafunzi watatu wamekosa. Wawili wameandika 36 na mmoja 34. Katika daftari langu la zamani wote wangepata sifuri ileile, ilhali walioandika 36 wametoa tarakimu ndogo katika kubwa, yaani 2 katika 8 na 3 katika 6, bila kujali ipi iko juu. Aliyeandika 34 alitambua kwamba 2 haitoshi, akakopa kumi moja, akapata 12 kutoa 8 ni 4, kisha akasahau kwamba makumi yaliyobaki juu ni 5. Huyu anahitaji dakika chache na mazoea ya kuandika alichokopa. Wale wawili hawajaelewa thamani ya nafasi, na inafaa warudi kwenye vifungu vya vijiti kumi kumi, wavifungue kwa mikono yao.

Katika maswali ya kuchagua, tazama ni herufi ipi iliyowavuta waliokosa. Ukiona wanafunzi hodari ndio waliokosa huku wanaosuasua wamepata, lisome swali upya kabla ya kumlaumu yeyote. Mimi nimewahi kugundua kwamba kilichokosea ni mwongozo wangu wa kusahihishia.

Kupima maendeleo kunahitaji uangalifu zaidi. Mwanafunzi aliyetoka 40 hadi 55 anaonekana amepanda, lakini ikiwa wastani wa darasa nao umetoka 48 hadi 63, huenda jaribio la pili lilikuwa rahisi tu. Ndiyo maana huweka katika kila jaribio maswali matano au sita ya kiwango kilekile, namba zikibadilishwa, na hayo ndiyo ninayoyalinganisha. Kumbuka pia kwamba katika jaribio la maswali 10, kupanda kutoka asilimia 60 hadi 70 ni swali moja tu. Tena, waliopata alama za chini kabisa mara nyingi hupanda kidogo safari ijayo hata wasiposaidiwa, kwa kuwa sehemu ya anguko lao ilikuwa bahati mbaya ya siku ile. Niliwahi kujisifu kwa vipindi vyangu vya marudio kwa sababu ya ongezeko la namna hiyo, hadi nilipoona kwamba wenzao wa alama zilezile, ambao hawakuhudhuria, walikuwa wamepanda vilevile.

Swali la kupima tena nalo lataka kutungwa kwa makini. Nilipowapa wale watatu 71 kutoa 46, wawili waliandika 35, nami nikabaki njia panda, kwani anayetoa ndogo katika kubwa hupata 35 na anayesahau alichokopa hupata 35 hiyohiyo. Siku hizi natumia 73 kutoa 46: wa kwanza hujitokeza kwa 33, wa pili kwa 37, na aliyeelewa huandika 27.