Kabla ya Kununua RAM kwa Kompyuta Kuukuu ya Ofisi

Kompyuta ya ofisi iliyotumika miaka minane au kumi ikianza kukwama, karibu kila mtu atakushauri uiongezee RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea. Mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, katika kazi yangu ya kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo mjini Tanga, nimeona fedha zikitumika kununua RAM ambayo mashine haikuihitaji, na nimeona jambo baya kuliko hilo, yaani mashine yenye RAM mbovu ikiendelea kuandaa orodha za mishahara kwa sababu kila aliyeitazama aliridhika kwamba ni uzee tu. RAM iliyopungua humchelewesha mfanyakazi, lakini RAM iliyoharibika huweza kubadilisha kazi yake pasipo yeye kujua, kwa kuwa kompyuta za kawaida za ofisi hazina RAM ya aina ile ya seva inayojikagua na kujisahihisha.

Upungufu hufuata mzigo. Asubuhi mashine huwa nyepesi, kisha kadiri mhasibu anavyofungua programu ya hesabu, majedwali ya Excel na kurasa nyingi za kivinjari, inazidi kuwa nzito huku taa ya diski ikiwaka mfululizo. Akizifunga baadhi, inapata nafuu. Ubovu hauna utaratibu huo. Skrini ya buluu, ile ya hitilafu inayoizima Windows ghafla, huweza kutokea hata mtu anapoandika barua fupi, tena ikiwa na maelezo tofauti kila inapotokea, leo MEMORY_MANAGEMENT na kesho jingine kabisa, na faili lililohifadhiwa vizuri jana linaweza kukataa kufunguka leo. Mwulize anayeitumia mashine hiyo kila siku kabla ya kugusa chochote, kwa maana yeye ndiye anayejua inakwama wakati gani na akiwa anafanya nini.

Dalili zikielekea kwenye upungufu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati kazi imepamba moto, ufungue sehemu ya Performance kisha Memory. Wengi hutazama asilimia peke yake, ilhali katika Windows 10 namba yenye maana zaidi ni ile iliyo chini ya neno Committed. Namba ya kwanza hapo ikizidi kwa mbali kiasi cha RAM kilichomo, basi programu zimeomba kumbukumbu kuliko iliyopo na huenda mfumo unalazimika kutumia diski kufidia, na diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Katika hali hiyo kuongeza RAM kutasaidia. Namba hiyo ikiwa ndogo na mashine bado inakwama, usinunue RAM. Tazama diski, kwa sababu kuiweka SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, mahali pa diski ya zamani kumefufua mashine nyingi nilizozihudumia kuliko RAM ilivyofanya.

Hakikisha pia kwamba Windows iliyomo si ya biti 32. Toleo hilo, iwe ni Windows 7 au Windows 10 za kawaida, halivuki GB 4, na kwa kweli hutumia pungufu ya hapo, hivyo kijiti kipya cha RAM kinachozidisha kiasi hicho kitakaa bure mpaka uweke toleo la biti 64.

Dalili zikielekea kwenye ubovu, kitu cha kwanza ni kuziokoa data, na hapa naomba msomaji awe makini sana. Usinakili mafaili kwa kutumia mashine hiyohiyo, kwa sababu kila kinachonakiliwa hupita kwenye RAM inayotiliwa shaka na nakala inaweza kutoka ikiwa na kasoro ambazo faili asili halina. Zima mashine, chomoa diski, iunganishe na kompyuta nyingine isiyo na tatizo, kisha nakili ukiwa huko. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi mafundi wenzangu waache desturi ya kupiga Windows upya kila skrini ya buluu inapotokea, maana Windows inayowekwa kupitia RAM mbovu huweza kuingia ikiwa tayari imeharibika, na mwenye ofisi hulipia kazi ileile mara mbili.

Baada ya hapo, mashine ikiwa bado imezimwa, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kijiti. Huku pwani unyevu na chumvi ya hewani huacha utando kwenye meno ya shaba na dhahabu ya RAM, na si mara chache tatizo huishia hapo. Yasugue taratibu kwa kifutio laini cha penseli, pangusa mabaki yote, au afadhali utumie kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, halafu kirudishe kijiti mpaka vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe.

Kisha pima. Windows ina kipimo chake, ambacho hufunguliwa kwa kuandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, lakini mimi hupendelea Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi na inayokubali hata mashine za zamani zenye BIOS, ule mfumo wa zamani wa kuwashia kompyuta. Iache ifanye kazi usiku kucha, ukiwa na UPS, yaani betri ya akiba, ikiwa umeme wa eneo lako hukatika. Kosa moja tu linatosha kuitia mashine shakani. Usikubali kuambiwa kwamba ni dogo. Vikiwemo vijiti zaidi ya kimoja, pima kimoja kimoja katika sloti (tundu la kuchomekea RAM) ileile, kisha kile kilichofaulu ukijaribu katika sloti nyingine, kwa kuwa wakati mwingine kijiti ni kizima na sloti ya bodi kuu ndiyo iliyokufa, na hapo kununua RAM hakutibu kitu.

Ikibidi kununua, nenda dukani na kijiti cha zamani mkononi. DDR3 na DDR4, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, haziingiliani, pengo kwenye meno yake haliko mahali pamoja, na RAM ya kompyuta ya mezani si ya kompyuta mpakato. RAM ya mtumba inafaa kabisa, mradi muuzaji akubali uirudishe ikishindwa kipimo, asiyekubali, mwache. Kile kibovu kiwekee alama ya wazi, kisirudi kabatini na kupachikwa kwenye mashine ya mwingine.

Kazi haijaisha mashine ikishatengemaa. Kaa na mhasibu, mpitie mafaili yote yaliyohifadhiwa tangu dalili zilipoanza, na mlinganishe majumla na nakala zilizochapishwa au taarifa za benki, mkianza na mishahara na michango ya wafanyakazi.